Ini la mume wangu limeharibika na hakuna anayejua sababu. Naomba ushauri

BintiMkomani: Ndugu zangu, mume wangu ana homa wiki ya pili, kichwa chamwuma, chakula hali. ALT, kipimo cha damu cha kuangalia ini, imetoka 260, na kawaida haifiki 50. Malaria hakuna, homa ya ini B na C hakuna, pombe hajaonja. Nimempa mitishamba ya kusafisha ini. Niendelee, au tutoke hapa Lamu tuvuke Mokowe tupande basi la Mombasa?

KapteniShela: Mitishamba gani? Marehemu babangu alipewa mizizi ya tumbo, akageuka manjano. Acha leo.

MamaSwabra: Pole mwanangu. Mafuta yamezidi majumbani. Mpe madafu, umsomee.

TabibuLangoni: Kabla ya kuugua alikuwa wapi?

BintiMkomani: Witu, kwa ng'ombe wa mjombake. Sioni yanahusiana vipi.

TabibuLangoni: Kupe. Ana kidonda chenye kigaga cheusi mwilini?

BintiMkomani: Kipo kinenani. Sikumwambia daktari, ni mahali pa sitara. Lakini hakimwumi, na mitishamba nishalipia ya mwezi mzima, muuzaji ni mtu wa dini.

TabibuLangoni: Dada, yawezekana ni riketsia. Ni bakteria anayebebwa na kupe, wengine na viroboto wa panya. Hushambulia kuta za mishipa midogo ya damu, na ini limejaa mishipa hiyo, ndiyo ALT ikapanda. Widal, kipimo cha homa ya matumbo, haimwoni. Amoksilini haimuui. Dawa yake ni doksisaiklini, na mara nyingi homa hushuka ndani ya siku mbili tatu. Aiandike daktari akishamwangalia. Mtaje kupe, kidonda na mitishamba, maana mitishamba nayo yaweza kuunguza ini.

Mvuvi_Asiyelala: Uzi wa kutunga huu. Kidonda kimezuka pale kilipoulizwa tu! Tabibu na binti ni mtu mmoja.

KapteniShela: Hata mimi nina shaka. Witu naenda kila msimu, kupe wananing'ata, siugui.

BintiMkomani: Wallahi situngi. Mwanamke gani wa Mkomani atataja kinena cha mumewe mbele za watu kwa mchezo? Tangu alfajiri macho yake yana umanjano.

TabibuLangoni: Umanjano, na hukusema? Achana na basi. Hospitali ya hapa hapa, sasa hivi.

MamaSwabra: Niko nyuma ya msikiti, Langoni. Namtuma kijana na mkokoteni. Mlango upi?

BintiMkomani: Nimekuandikia faraghani, mamangu. Mume wangu asema kidonda hakionyeshi kwa mtu. Akikataa, nitasema mimi.