Digitalisi ina majani tu, maua hakuna: naombeni ushauri

Mkulima wa Pasua: Wakuu, heshima kwenu. Nilisia digitalisi mwezi Mei, masika yakiishia. Imeota vizuri, majani mapana yenye manyoya laini yamelala chini kwa duara. Lakini hadi leo hakuna dalili ya ua. Niweke mbolea gani?

Bwana Shamba: Urea kidogo, na maji asubuhi na jioni.

Shangazi wa Kibosho: Urea itaongeza majani tu, mdogo wangu. Hilo ni ua la miaka miwili. Mwaka wa kwanza hujenga majani na mizizi, wa pili, likishapitiwa na wiki kadhaa za baridi, ndipo hupandisha shina la maua. Na Pasua, huko chini Moshi mjini, baridi ya hivyo hamna. Haraka ya nini?

Mkulima wa Pasua: Hamna haraka, nataka kujua tu.

Njiro Juu: Bibi yangu Machame alikuwa na waridi mlangoni, mbolea yake samadi ya ng'ombe basi. Vijana mnapenda dawa.

Shangazi wa Kibosho: Mkulima, sema ukweli.

Mkulima wa Pasua: Haya. Kuna harusi Desemba, napamba ukumbi. Bibi harusi nilimwonyesha picha akapenda, na nusu ya hela nimeshapokea. Nikimbadilishia maua ataniona tapeli. Ndiyo maana naulizia mbolea kali.

Kiboriloni: Chukua jani la sale, kama desturi ya Wachagga, ukaombe msamaha mapema 😂

Mtata: Hii chai. Mbegu za digitalisi ni kama vumbi, zinataka mwanga, ukizifukia hazioti. Wewe uliziotesha vipi?

Mkulima wa Pasua: Nani kasema nilizifukia? Nilichanganya na mchanga mkavu, nikanyunyiza juu ya udongo uliochekechwa, trei nikaiweka kwenye beseni maji yapande kutoka chini. Ikakaa kivulini nyuma ya jiko. Picha hiyo hapo.

Mtata: Nimeiona, yaishe. Ila hilo si banda la mbuzi pembeni? Hamisha trei leo. Majani hayo ni sumu, yanashambulia moyo. Watoto nao wasiyachezee.

Shangazi wa Kibosho: Lete miche huku juu mlimani kwenye baridi, mwakani tuone. Harusi fuata waridi Arusha, Usa River kuna mashamba ya maua.

Mkulima wa Pasua: Miche naileta Jumamosi, shangazi. Bibi harusi bado sijampigia.