Tupeane uzoefu: Programu za kutengeneza wahusika wa michezo ya mezani, zilikubeba au zilikuacha njiani?

Mwamba wa Nyegezi
Wakuu, heshima zenu. Uzi huu ni wa watu wa Dungeons & Dragons (D&D), Pathfinder, GURPS na jamii yake, michezo ya kuigiza ambapo kila mtu anabeba mhusika wake na masta ndiye anayeendesha. Juzi meza yetu hapa Nyegezi imepokea mchezaji mpya, dogo wa mwaka wa pili chuoni. Kwa simu yake tu, kabla chapati hazijafika, mhusika keshakamilika: uwezo, silaha, uhai, kinga, kila kitu kimejaa. Nikakumbuka tulivyokuwa tunakaa mchana kutwa na kitabu kimoja cha fotokopi, tunagombania penseli. Lakini masta alipomuuliza "hiyo kinga 16 imetoka wapi?", dogo akabaki anaitazama simu. Hana jibu. Nikaona nilete hoja hapa. Msimamo wangu nautoa mapema: kwenye hesabu programu hazina mpinzani. Kwenye kumjua mhusika wako, bado kalamu. Karibuni.

Karabai
Nimeshavuta kiti. Endeleeni.

Binti Nansio
Umenigusa pabaya mkuu. Masta wetu ametunga dunia nzima ya ziwa, visiwa, falme, mizimu ya majini, hadi upepo wa usiku una sheria zake. Nikataka kucheza mvuvi wa dagaa wa kutoka Ukara. Nikafungua programu ya bure iliyokuwa kwenye simu yangu. Sehemu ya asili ya mhusika, yaani alikotoka na alichokuwa anafanya kabla ya safari, chaguo ni moja tu: mtumishi wa hekalu. Moja! Mvuvi wangu akapewa ujuzi wa dini na ujuzi wa kusoma nia za watu, mtumbwi akanyimwa. Nikaingia kwenye vipaji, napo kimoja tu, cha kukabana mieleka. Nikaifuta siku hiyohiyo.

Mzee wa Dadu
Binti, sababu yake ipo na inafaa wote waijue. Watengenezaji wa bure wanaruhusiwa kutumia ile sehemu ya sheria iliyotolewa wazi, sio vitabu vyote. Kwa D&D toleo la tano, vitabu vya 2014, hiyo sehemu inaitwa SRD 5.1 (System Reference Document), na Januari 2023 iliwekwa chini ya leseni huria ya Creative Commons. Ndani yake kuna asili moja, mtumishi wa hekalu, kuna kipaji kimoja, na kila taaluma (mpiganaji, mchawi na kadhalika) ina tawi moja. Kwa hiyo programu ya bure inayoheshimu leseni inaonekana masikini hata kama fundi wake ni hodari.

Ila hapohapo kuna kasoro ambayo ni ya fundi kweli. Humohumo kwenye SRD imeandikwa kwamba mchezaji anaweza kujitungia asili: unachagua ujuzi wowote wa aina mbili, na vifaa au lugha jumla mbili, mnakubaliana na masta basi. Sheria ni ya aya chache. Programu isiyokupa nafasi ya kuandika asili yako imekunyima kitu ambacho kitabu kimekupa bure.

Binti Nansio
Kumbe! Asante sana mzee wangu, hili sikuwahi kuambiwa na mtu.

Kalamu Nyekundu
Mimi nazitetea. Nimeendesha meza za watoto wa sekondari huku Buhongwa, na karatasi za mkono zilikuwa balaa. Kuna ile hesabu ya kupata nyongeza: chukua alama ya uwezo, toa 10, gawa kwa mbili, shusha. Alama 9 inatoa hasi moja. Nusu ya darasa wanaandika sifuri. Kosa hilo dogo linaingia kwenye kushambulia, kwenye kinga, kwenye ujuzi, linasambaa karatasi nzima. Programu haikosei hapo. Na kugawa zile pointi 27 za kununulia alama sita za uwezo pia: mtu anajipa 15 tatu, zilizobaki 8 8 8, programu inakubali kwa sababu kila 15 inagharimu 9, jumla 27 kamili. Akijaribu kuchomeka 10 moja hapo, inamzuia. Mimi sihitaji kuwa polisi wa meza.

Karabai
Hapo kwenye kushusha umesema kweli tupu.

Fundi Igoma
Kwa wenye kompyuta, PCGen. Ni ya bure, imeandikwa kwa Java, na data zake zote ziko kwenye mafaili ya maandishi ya kawaida ambayo unaweza kuyafungua na kuandika yako. Mimi nimeandika humo taaluma ya manju wa ngoma, mwenye nguvu zinazopanda kadiri watazamaji wanavyohamia upande wake, nikifuata mashindano ya ngoma za Wasukuma, Bagika na Bagalu, kama yanavyochezwa Bujora. Programu za simu nilizojaribu zote zilishindwa kubeba wazo hilo. Ubaya wa PCGen ni sura. Madirisha ni mengi, vitufe ni vingi, na kuandika hayo mafaili kunataka subira, nukta moja ikikaa vibaya taaluma nzima haionekani.

Mtoto wa Kirumba
Ngoja nimwage hili, limekaa kifuani muda mrefu.

Tulikuwa meza moja nzito pale Kirumba, karibu na uwanja. Mwenzetu mmoja alikuwa na akaunti ya kulipia kwenye huduma fulani ya mtandaoni, siitaji. Utaratibu wake: mmoja akilipia kifurushi kikubwa cha mwezi, vitabu alivyonunua vinatumika na wote waliomo kwenye kampeni yake, yaani ile hadithi ndefu mnayoicheza pamoja. Tukawa tunachanga. Mwisho wa mwezi kila mtu anamtumia kwa simu, yeye analipa kwa kadi. Wahusika wetu wote, tangu levo ya 1 hadi ya 11, wamezaliwa mle na wamekulia mle. Karatasi hakuna. Nani aandike wakati simu inajumlisha yenyewe?

Inafika siku ya pambano la mwisho. Joka limetoka ziwani, limekaa juu ya mawe, kampeni nzima ilikuwa inaelekea hapo. Shemeji kakaanga sato, majirani wamekuja kusikiliza. Wiki ile mwenye akaunti alikuwa amekosana na masta, maana paladini wake, yaani askari mwenye nguvu zinazotokana na kiapo, alikivunja kiapo hicho na masta akamvua nguvu zake. Hakuja. Tukaanza bila yeye. Mzunguko wa tatu, mchawi wetu anataka kurusha uchawi wake mkubwa, anafungua simu, haupo. Anazima, anawasha. Haupo. Dada aliyecheza mwizi anasema tawi lake limefutika. Mpiganaji wetu alikuwa na kile kipaji cha ugumu kinachoongeza uhai mbili kwa kila levo, kwa levo 11 ni uhai 22. Kimeondoka chote, katikati ya pambano! Masta anamuuliza "una uhai kiasi gani?", mtu mzima anajibu "sijui" huku sauti inatetemeka. Tukampigia mwenye akaunti. Inaita, haipokelewi. Tukapiga tena na tena. Joka likabaki juu ya mawe, tukala sato kimyakimya, watu wakaondoka. Kampeni ile haijaisha hadi leo na sidhani kama itaisha.

Karabai
Dah. Pole sana kaka.

Mama Sato
Na hela za mchango mlirudishiwa?

Shabiki wa Pamba
Huyo jamaa asionekane kwenye meza yoyote kuanzia Kisesa hadi Kamanga.

Chizi wa Hesabu
Samahani natoka nje kidogo. Kalamu Nyekundu unasema programu haikosei. Nina paladini levo 5 niliyemchanganya na mchawi levo 3. Kwa kitabu, nusu ya 5 ukishusha ni 2, jumlisha 3 unapata 5, nafasi za uchawi 4, 3, 2 kwa ngazi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Programu inanipa 4, 3, 3. Imenizawadia nafasi ya ngazi ya tatu ambayo si yangu. Haikosei vipi?

Kalamu Nyekundu
Umekosea wewe. Nusu ya 5 inapandishwa, ni 3. Jumla 6. Soma kitabu.

Chizi wa Hesabu
Kitabu ninacho mkononi hapa! Kimeandikwa kushusha. Usinifundishe kusoma.

Paladini wa Pasiansi
Mtoto wa Kirumba, mwenye akaunti unayemsimulia ni mimi. Nimesoma uzi wote na sasa naomba nisikilizwe.

Sikuzima chochote. Kadi niliyotumia ni ile ya mtandaoni inayojazwa kutoka kwenye salio la simu. Mwezi ule waliochanga ni wawili tu. Tarehe ya kulipia ikafika, huduma ikagonga kadi, haikukuta kitu, ikakata yenyewe. Mimi nilikuwa Ukerewe msibani, simu iko ndani ya mkoba. Mmenipigia nikiwa makaburini. Niliporudi nikakuta mmeshanitoa kwenye kundi, hakuna hata mmoja aliyeuliza. Na hivyo vitabu nilinunua kwa hela yangu kabla ya mchango wowote, mchango ulikuwa wa kifurushi cha kuwashirikisha. Kuhusu kiapo, paladini wangu alimwacha mfalme afe ili aokoe kijiji kizima. Mtaniambia hicho ni kiapo gani kimevunjwa.

Mtoto wa Kirumba
Wawili? Mimi nilituma. Meseji ya muamala ninayo.

Paladini wa Pasiansi
Ulituma nusu ukasema utamalizia Jumatatu.

Mama Sato
Jumatatu ipi? Wekeni hizo meseji tuone.

Shabiki wa Pamba
Aisee pole kwa msiba mkuu. Nafuta kauli yangu ya juu. Ila kijiji dhidi ya mfalme, hapo masta alikuonea.

Mwamba wa Nyegezi
Wakuu, mchango na kiapo vinahitaji uzi wake. Turudi kwenye programu. Kilichowaumiza wote wawili ni kitu kimoja: mhusika aliishi mahali ambapo hamna funguo. Na hata ukilipa kwa wakati, bado si wako. Agosti 2024 D&D Beyond, huduma rasmi ya mtandaoni ya mchezo huo, walitangaza kwamba vitabu vipya vikitoka, maelezo ya uchawi na vifaa vya zamani kwenye karatasi za wachezaji yatabadilishwa kuwa ya mwaka huo. Watu walikuwa katikati ya kampeni zao, na vitabu vya zamani wamevilipia! Wachezaji wakapiga kelele dunia nzima, kampuni ikarudi nyuma ndani ya siku chache. Safari ile walisikia. Kitabu cha karatasi hakibadiliki usiku ukiwa umelala.

Mzee wa Dadu
Nimalizie ule ubishi wa nusu ya 5. Wote mko sahihi. Kitabu cha 2014 kinashusha, cha 2024 kinapandisha kwa paladini na mwindaji. Chizi anacheza kwa kitabu cha zamani, programu yake inafuata kipya. Kasoro ya programu ni kwamba haikumwambia imetumia toleo lipi. Kila namba ingekuwa na sehemu ya kugusa ikakueleza "2 zimetoka hapa, 3 zimetoka pale, toleo fulani", wala yule dogo wa Nyegezi asingeaibika mbele ya masta.

Kalamu Nyekundu
Sawa mzee, nimekuelewa. Lakini kipya ndicho sheria.

Chizi wa Hesabu
Kwa meza yetu sheria ni kitabu tulichonacho.

Dada wa Capri Point
Mbona hamuisemi Pathfinder? Toleo lake la pili la 2019 lina sheria bure na halali kwenye tovuti ya Archives of Nethys, ndiyo maana programu yake ya Pathbuilder 2e imesheheni. Kwenye Android ukishaishusha unatumia hata bando limeisha, umeme umekatika, uko kwenye kivuko. Mimi naipenda sana. Tatizo ni kwa wageni: kila levo unachagua kipaji, orodha inashuka hadi kidole kinachoka, na programu haikwambii kipi kinaendana na mtu uliyemfikiria. Mdogo wangu alichagua kwa majina yaliyomvutia, mhusika akawa hana analoliweza vizuri.

Karabai
Orodha ndefu ni kweli.

Shabiki wa Pamba
Ushauri wangu: mgeni asipewe programu kabisa mpaka afike levo ya 3 kwa mkono.

Kalamu Nyekundu
Mkimfanyia hivyo hatarudi wiki ijayo. Mpeni programu kwanza, karatasi baadaye.

Mama Sato
Mpeni sato kwanza.

Mzee wa Dadu
Kuna mchezo unaitwa Traveller, wa 1977, wa safari za angani. Kule kumtengeneza mhusika ndio mchezo wenyewe. Unarusha dadu kuona kama jeshi limemchukua, kama amepandishwa cheo, kama amenusurika muhula wa miaka minne. Kwa sheria zile za mwanzo anaweza kufa kabla hata kampeni haijaanza. Tulikuwa tunakaa watu tunashangilia na kuhuzunika, na mtu akimaliza, meza nzima inajua kwa nini nahodha wake hana mke na ana deni. Programu za Traveller zinatema maisha yote hayo kwa kubonyeza mara moja. Namba ni zilezile, hakuna aliyesikia habari. Hicho ndicho ninachokililia mimi kuliko bando na kadi.

Binti Nansio
Mzee hapo umenena. Basi mvuvi wangu nimemwandika kwa mkono: ujuzi wa kuogelea na kupanda nimechukua, na ujuzi wa kuona mbali, vifaa vya kuongozea chombo, na mtumbwi. Masta amekubali. Nikishakamilisha kila kitu nitaziingiza namba kwenye programu inayoruhusu, iniangalizie hesabu na mzigo. Nguvu 12 mara 15 ni ratili 180, zaidi ya kilo 80. Nyavu na karabai vinaingia bila shida.

Fundi Igoma
Mkipanda levo tu, toeni nakala ya PDF, mtumiane kwenye kundi, na mmoja apite steshenari. Kwa wanaonitumia meseji wakitaka faili la manju wa ngoma: nitawapa wote bure, lakini linataka kompyuta yenye Java. Kwenye simu halifunguki.

Paladini wa Pasiansi
Mimi ninayo kompyuta. Nitumie. Na Mtoto wa Kirumba, data za wahusika wenu wote bado zipo kwenye kampeni, sijafuta hata mmoja. Nikilipia mwezi mmoja zinafunguka mnakili kwenye karatasi. Semeni lini.

Mtoto wa Kirumba
Na mpiganaji na uhai wake 22?

Paladini wa Pasiansi
Yupo. Lete ile nusu iliyobaki.