Sikukuu yako ya kwanza kwenye kazi mpya ilikuwaje? Watu wa Mwanza na kanda ya ziwa, tupeane uzoefu

Kijana wa Mabatini

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni.

Nina wiki ya tatu kwenye kazi mpya, duka la jumla hapa mjini, si mbali na Makoroboi. Niko stoo: napokea mzigo, naupanga, naupakia kwenye magari ya wateja wa Geita na Magu, na wale wa visiwani ambao muda wote wanakimbizana na meli. Kazi hii niliitafuta miezi 14. Kila asubuhi nikipanda daladala namshukuru Mungu.

Jana ratiba ya sikukuu imebandikwa ukutani. Sisi wageni watatu tumepangwa tarehe 24, 25 na 26, kuanzia kufungua mpaka kufunga. Wazoefu wamegawana mapumziko. Sikusema kitu pale. Ila mwezi wa 10, kabla sijapata kazi, nilimwahidi mama yangu aliyeko Sengerema kwamba Krismasi hii nitakuwa nyumbani. Baba alifariki mwezi wa 3 na mimi ndiye mkubwa. Ni Krismasi ya kwanza bila yeye, na mama ameshatenga jogoo.

Naomba mliopita njia hii mniambie mlifanyaje. Mliomba ruhusa? Mlinyamaza? Na siku ile yenyewe mliimalizaje?

Mkata tiketi

Pole kwa msiba, mdogo wangu. Mimi nami nilianza ofisi ya tiketi, stendi ya Nyegezi, mwezi wa Desemba. Unawapandisha watu wote kwenda kwao, wewe unabaki. Tarehe 24 siti ya mwisho ya gari la kwetu Kahama niliiuza mwenyewe, kwa baba mmoja aliyekuwa na watoto wawili wa kupakata. Nikasimama nikaliangalia gari likitoka getini mpaka likapotea. Niliumia sana mwaka ule. Mwaka wa pili niliumia kidogo.

Wakala wa Igoma

Mimi niliajiriwa kwenye kibanda cha miamala Igoma. Asiyewahi kukaa dirishani hajui Desemba ikoje. Mjini kila mtu anaweka hela atume kijijini. Ikifika saa sita mchana floti, yaani hela ya wakala ya kwenye simu, imekwisha, droo imejaa noti, na foleni inakutazama usoni. Kijijini ni kinyume chake: wakala ana floti tele, lakini hana hata elfu hamsini taslimu ya kumpa mtu. Tarehe 24 nilikimbia benki mara tatu kutafuta floti, na mbio hizo ndizo zilizoniponza.

Bibi mmoja alikuja na laki mbili za kumtumia mwanawe Bariadi. Namba kaiandika kwa kalamu kwenye kipande cha daftari. Palipokuwa na 1 mimi nikaona 7. Jina likatokea kwenye simu, sikulisoma, nikabonyeza. Baada ya dakika chache bibi akarudi: "Mjukuu wangu, mwenzako anasema haijafika." Miguu iliniishia nguvu. Nikapiga huduma kwa wateja palepale, nikawapa namba ya muamala, wakaizuia ile hela kabla aliyeipokea hajaitoa. Ilirudi baada ya siku mbili. Sasa Krismasi ya bibi ilikuwa kesho yake, haingoji siku mbili. Nilimweleza tajiri kila kitu, akakubali laki mbili itoke dukani ikiandikwa deni langu mpaka ile irudi.

Tangu siku hiyo sibonyezi kabla sijamsomea mteja jina kwa sauti naye akaitikia. Mabatini, mgeni mwezi wa 12 kila mtu atamharakisha. Kwenye kuhesabu mzigo usikubali kuharakishwa, hata kama dereva anapiga honi.

Mwana Igombe

Naomba niandike kirefu kidogo, maana hili limenigusa.

Sisi watu wa dagaa hatufuati kalenda ya ukutani, tunafuata mwezi. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Anaifuata taa, anajikusanya chini yake, wavu unamzunguka. Mbalamwezi ikiwaka, ziwa zima lina mwanga na dagaa hana sababu ya kujikusanya mahali pamoja. Basi mitumbwi inavutwa juu, nyavu zinashonwa, watu wanakwenda makwao. Giza likirudi, kazi inarudi. Wenyeji walinisimulia kwamba mwaka 2015 mwezi mpevu uliangukia tarehe 25 Desemba yenyewe, kambi ikabaki na mlinzi tu. Mimi nilifika Igombe Novemba 2019. Mwaka huo mwezi ulipotea kabisa tarehe 26 Desemba, siku ileile jua lilipopatwa huko Arabuni na India. Maana yake Krismasi yangu ya kwanza kazini ilikuwa katikati ya giza, siku nzuri za kuvua, na hakuna mtu pale mwaloni, mitumbwi inapofikia, aliyethubutu kuomba ruhusa.

Nilikuwa kibarua wa kuanika. Mitumbwi inaingia alfajiri, unapokea dagaa kwa ndoo, unamwaga, unamtandaza awe mwembamba, jua likipanda unamgeuza. Jua likiwa kali anakauka siku hiyohiyo. Lakini vuli ya 2019 nani asiyeikumbuka? Mvua ilikuwa haikatiki, na ziwa lilipanda hadi mwaka uliofuata likameza mialo na mabanda ya watu.

Tajiri wangu aliondoka tarehe 23 kwenda kwao Musoma, akaniachia mzigo na simu ndogo. Tarehe 25 jua lilitoka safi kabisa, ziwa limetulia. Nikaanika ndoo 40. Nikajiambia niwahi misa ya saa nne, saa sita niwe nimerudi nigeuze. Hakuna aliyenikataza na hakuna niliyemuaga. Nikiwa kanisani nikasikia bati linaanza kulia. Nilitoka mbio watu wakinitazama. Nilipofika, dagaa alikuwa anaelea kwenye vidimbwi, mwingine ameshaingia mchanga. Mwanza mnajua dagaa aliyenyeshewa anavyokuwa: anabadilika rangi, anaanza kunuka, na bei yake inageuka ya chakula cha kuku. Huwezi kumpeleka Kirumba mwaloni ukamweka kando ya magunia yanayosubiriwa na wafanyabiashara wa Kongo na Rwanda.

Nilikaa chini kwenye mchanga nikalia. Mama mmoja, mwanikaji mwenzangu, mzigo wake alikuwa ameuwahi kwa turubai. Hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema, "Simama baba, tuokoe kinachookoleka," akaita wanawe wawili waliokuwa wamevaa nguo mpya za sikukuu, na nguo hizohizo wakaingia nazo kazini. Tukazoa kwa mikono, tukasuuza ziwani, tukatandaza juu ya jiwe lililoinuka. Kufika jioni zilipona kama ndoo 15. Halafu yule mama akaniambia: "Mpigie tajiri yako leo hii. Usimwache asikie kwa mtu."

Nilipiga saa moja usiku. Kwa nyuma nasikia watoto, sahani, muziki. Nilimwambia yote, pamoja na kwamba nilikwenda misa bila kuacha mtu. Alinyamaza muda. Akauliza ndoo ngapi zimepona, akasema kesho nizigeuze mapema, akakata simu. Nilikatwa nusu ya hela yangu ya mwezi, na mpaka leo naona ilikuwa haki. Giza la Januari lilipoingia alinirudisha kazi ileile, akaja na maturubai mawili mapya. Leo ni mwaka wa kadhaa, na mimi ndiye ninayewapokea vibarua wageni. Mtu akiniambia anataka kwenda misa, nasimama kwenye mzigo wake mimi.

Binti wa Mkuyuni

Mwana Igombe, nimesoma mara mbili.

Mimi ni Mwislamu. Krismasi yangu ya kwanza kazini nilikuwa jikoni kwenye hoteli moja kando ya ziwa, mwezi mmoja tu tangu niajiriwe. Mkuu wa jiko aliuliza nani atashika siku ya 25, kimya. Wenzangu wote walikuwa na familia za kwenda nazo kanisani. Nikanyoosha mkono. Tulipika samaki kuanzia saa kumi na moja alfajiri: sangara wa kukaanga, sato wa kuchoma, na wageni walikuwa hawaishi. Usiku vidole vilikuwa vimechubuka kwa magamba.

Sikufanya ile kwa kutega kitu. Lakini Idi el-Fitri ilipofika, wenzangu watatu walikwenda kwa mkuu wa jiko kabla sijafungua mdomo, wakasema siku ile ni yangu. Nilisali na wazazi wangu, nikashinda nyumbani hadi jioni. Kwa hiyo Mabatini, kabla hujaenda kwa tajiri, tazama ratiba vizuri. Hapo stoo hakuna Mwislamu wa kubadilishana naye?

Nesi wa Kisiwani

Mimi niliripoti Ukerewe wiki ya kwanza ya Desemba, zahanati ya kijijini, mbali na Nansio. Simjui mtu, na mshahara haujaanza kuingia. Mwenzangu ana watoto wadogo, tarehe 24 akaenda kwao. Saa nne usiku akaletwa binti wa mimba ya kwanza, upepo wa ziwani unavuma mpaka madirisha yanagonga.

Nilikuwa nimefundishwa kila kitu, lakini siku zote kulikuwa na mkubwa wangu nyuma yangu. Usiku ule hakuwepo. Kilichonishika ni patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu. Kila nusu saa nasikiliza mapigo ya mtoto, nahesabu uchungu, naandika. Mkono ulikuwa unatetemeka nikiinua kalamu, nikiandika unatulia. Mtoto alizaliwa saa kumi na robo alfajiri, akalia palepale. Mama mkwe wa yule binti akatoka bila kusema neno. Nikadhani amekwenda kutangaza. Alirudi na chupa ya chai yenye uji wa ulezi. "Kunywa kwanza, daktari. Wewe ndiye hujalala."

Mchana wakaniletea ugali wa muhogo na sato wawili wa mchuzi, wamefunika kwa kitambaa. Ndani kwangu palikuwa na unga wa siku moja. Sikuwahi kuwaambia, hapa ndiyo nasema kwa mara ya kwanza.

Mama wa Nyakato

Marahaba wanangu.

Nimefanya kazi za utawala na ajira hadi nikastaafu, naomba niongeze la sheria, kwa sababu naona vijana mnaogopa hata kuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mfanyakazi akifanya kazi siku ya sikukuu ya umma, alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya. Tarehe 25 na 26 Desemba zote zimo. Tarehe 24 haimo. Upande wa likizo, sheria inatoa siku 28 kwa mwaka, lakini aliye chini ya miezi 6 kazini hana haki ya likizo yenye malipo. Kwa hiyo mwanangu wa Mabatini usiende kudai likizo, huna. Nenda kuomba kubadilishana zamu kama alivyosema binti wa Mkuyuni, na uulize kwa adabu malipo ya siku hizo mbili yatakuwaje.

Usiende saa ya foleni. Nenda asubuhi kabla duka halijafunguliwa. Mwambie habari ya baba yako. Wiki tatu ni chache, huenda hajui kabisa kama mna msiba mwaka huu. Na mama mpigie leo, usingoje tarehe 24. Sisi wazazi kinachotuumiza ni kuandaa chakula, kukaa mlangoni, halafu simu inaita jioni.

Kijana wa Mabatini

Nimerudi. Wabeja sana, wazazi wangu na ndugu zangu. Mama wa Nyakato, nimefanya kama ulivyonielekeza.

Nilifika saa kumi na mbili na nusu, tajiri yuko peke yake anakunywa chai. Nilianza na habari ya baba. Akaweka kikombe chini, akasema hakujua, akanipa pole, akaniuliza baba alikuwa akifanya kazi gani. Nikamwambia alikuwa fundi mitumbwi. Akasema baba yake naye alikuwa mvuvi. Tulikaa kama dakika kumi hivi hatuzungumzii kazi kabisa.

Tarehe 25 hawezi kuniachia, kuna mzigo wa wateja wa visiwani wameulipia tayari, lakini tutafunga saa nane mchana. Malipo ya mara mbili nilipouliza alichukua daftari la mahudhurio akaandika mwenyewe. Tarehe 26 itashikwa na mwenzangu wa stoo, naye ni Mwislamu. Nilipomgusia tu akakubali, nami nimeshaandika jina langu kwenye Idi yake. Na mzigo nahesabu taratibu, Wakala, honi zipigwe.

Mama nilimpigia jana jioni. Alikaa kimya, nikajua analia. Kisha akauliza, ukitoka saa nane utapata gari? Enzi za kivuko cha Busisi nisingethubutu, foleni ya magari pale Kigongo siku za sikukuu ilikuwa inakula jioni nzima. Tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025, zile kilomita 3 za maji ni dakika chache. Nikamwambia nitapata.

Kwa hiyo wamekubaliana na wadogo zangu hawali mchana. Jogoo atachinjwa nikishapiga simu kwamba nimevuka.