MOA, mil au tareti ya kuchongwa: tuchague ipi kwa mnyama wa mbali?

Mnyaturu_Laramie
Wakuu, habari za huko mliko. Huu ni mwaka wangu wa nne Wyoming, Marekani, na msimu huu nimepata kibali cha kuwinda pronghorn, yule mnyama wa nyika wa huku anayefanana na swala wetu. Bunduki yangu ni ya risasi za 6.5 Creedmoor. Darubini iliyopo juu yake ni ya kawaida, tareti (vile vifundo vya kuzungusha ili kusogeza shabaha) zina vifuniko, na sithubutu kupiga zaidi ya yadi 250. Nyika ya huku haina kichaka cha kujifichia, kwa hiyo nataka nifike yadi 400 kwa uhakika.

Nimekwama kwenye njia tatu: tareti ya kipimo cha mil, ya kipimo cha MOA, au inayochongwa namba za umbali kwa risasi yako mwenyewe, kama CDS ya Leupold, ambayo unaizungusha tu mpaka kwenye namba ya umbali. Jamaa wawili ninaowinda nao wanatumia MOA. Mimi nimelelewa na mita na sentimita tangu darasa la kwanza Singida. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa.

Kliki_Kumi
Kaka, kwanza ondoa dhana kwamba mil ni ya mita na MOA ni ya yadi. Vyote ni vipimo vya pembe. MOA moja ni nyuzi moja iliyogawanywa mara 60, na kwenye yadi 100 inafunika inchi 1.047. Mil moja inafunika sentimita 10 kwenye mita 100. Kliki, yaani hatua moja ya tareti, kwa kawaida ni robo ya MOA, na kwa mil ni sehemu moja ya kumi. Ya MOA ni hatua ndogo zaidi kwa kila kliki, ila kwa mnyama tofauti hiyo haina maana yoyote.

Jiulize kichwa chako kinahesabu kwa lugha gani. Umepiga mita 400, risasi imetua sentimita 20 chini. Kwenye mita 400 mil moja ni sentimita 40, basi unahitaji nusu mil, kliki 5. Wewe wa Singida umemaliza hesabu kabla mwenzako hajakumbuka inchi ngapi. Yeye wa MOA akiwa yadi 400 na inchi 8 chini, anagawanya 8 kwa 4, anapata MOA 2, kliki 8. Naye yuko sawa kabisa.

Ila chunga sana jambo moja: tareti na msalaba wa ndani (mistari ya kulengea) viwe vya kipimo kimoja. Bado kuna darubini zinazouzwa zikiwa na msalaba wa mil na tareti za MOA. Mil moja ni MOA 3.44 hivi. Usijiingize kwenye kuzidisha hiyo namba umelala kifudifudi na mnyama anaondoka.

Mama_Pofu
Natetea tareti ya kuchongwa, maana ninayo. Kipima umbali kinasema 320, nageuza mpaka 320, nalenga kifuani. Sina kadi ya namba wala hesabu, na mikono ikiwa na baridi hilo ni jambo kubwa.

Lakini mdogo wangu, ijue kasoro yake. Inachongwa kwa risasi moja, kasi moja, mwinuko mmoja na hali fulani ya hewa. Yangu ilichongwa kwa ajili ya Texas, karibu na usawa wa bahari. Nilipoipeleka milimani, zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi na risasi inashuka kidogo kuliko tareti inavyodhani. Kwa yadi 300 hutaona kitu. Ukisogea mbele inaanza kukudanganya. Na ukibadili aina ya risasi dukani, tareti hiyo haikufai tena. Kwa mtu wa sehemu moja na risasi moja, sijaona kitu chepesi kuizidi.

Mwindaji_Simanjiro
Nimesoma kimyakimya, ila hapa lazima niseme. Mimi ni mwindaji bingwa, nimeongoza wageni Simanjiro na Longido miaka mingi. Nyati tunampiga kwa bunduki ya .375 mita 60, na huko tareti haina kazi. Swala granti kwenye mbuga wazi ndiye anayetaka mbali, mita 250 hata 300.

Wageni wanakuja na tareti ndefu nzuri mno. Kinachowaangusha ni upepo. Urefu wa kushuka kwa risasi unaujua tangu nyumbani, upepo unakutana nao palepale. Kijana, tareti izungushe kwa ajili ya umbali, upepo usizungushe. Upepo ushikie kwa mistari ya msalaba, yaani lenga pembeni kidogo, maana unabadilika kabla hujamaliza kuhesabu kliki. Na kama nyasi karibu nawe zinalala huku na karibu na mnyama zinalala kule, usipige. Tambaa.

Mnyaturu_Laramie
Shikamoo mzee. Nimekuelewa. Huku upepo wa maili 10 kwa saa tunauita utulivu, na kwa yadi 400 unaisukuma risasi yangu zaidi ya sentimita 20 ukija wa ubavuni. Sehemu ya kuua kwenye kifua cha pronghorn haizidi sana hapo.

Mwindaji_Simanjiro
Marahaba. Basi jibu la upepo unalo.

Risasi_Moja
Niongeze lililonikuta. Nilizungusha MOA 7 kwa dume aliyekuwa yadi 400, akaondoka sijapiga. Nusu saa baadaye mwingine akatokea yadi 140. Nikalenga vizuri, nikavuta, risasi ikapita juu ya mgongo. Sikuwa nimerudisha tareti. Inchi 10 juu! Nilishukuru kwamba ilimkosa kabisa, maana ingemvunja mgongo au kumchana tu, ningemtafuta usiku kucha.

Tangu siku hiyo sinunui tareti isiyo na kizuizi cha sifuri, ile inayogoma kurudi chini ya sifuri, yaani alama uliyoipangia bunduki mwanzoni, hata ukiwa gizani. Iwe pia na kufuli, isijizungushe ikigusa mkoba. Kwangu hayo mawili yana uzito kuliko mil au MOA.

Kliki_Kumi
Kweli tupu. Na kuhusu msalaba: kuna unaokua pamoja na picha unapovuta karibu, na kuna usiokua. Usiokua, mistari yake inasema kweli kwenye ukuzaji mmoja tu, mara nyingi ule wa juu kabisa. Ukishusha ukuzaji mpaka mara 8 halafu ukashikia upepo kwa mistari ileile, umekosea. Unaokua unasema kweli popote, ila ukuzaji ukiwa mdogo unakuwa mwembamba kama uzi, jioni huuoni vizuri. Chagua wenye taa.

Ukipata kibali cha Idaho siku moja, taa ya msalaba inaruhusiwa, lakini darubini inayojipimia umbali yenyewe hairuhusiwi.

Mama_Pofu
Na jamaa zake wa MOA je? Wakimsomea alipotua, atatafsiri?

Kliki_Kumi
Wamsomee kwa sentimita au inchi, au waseme "nusu kifua chini". Ila ni kweli dada, kama wote watatu wangeanza leo ningewaambia wanunue kipimo kimoja.

Mnyaturu_Laramie
Nimeamua na kununua. Mil kwa tareti na msalaba, unaokua, wenye taa, kizuizi cha sifuri na kufuli. Nimeipangia sifuri kwa yadi 100, na kikokotoo kinanipa karibu mil 2 kwa yadi 400. Jumamosi naenda kuhakikisha kwenye karatasi kwa 200, 300 na 400 kabla ya kuamini namba hiyo. Tareti ikigusa mil 2 na mashimo yakikaa nje ya upana wa sahani ya chai, nitabaki kwenye 300 msimu huu.

Mwindaji_Simanjiro
Piga ukiwa umekaa na ukiegemea fimbo pia. Mezani kila mtu ni hodari.