TDM400P inaonekana kwenye lspci, lakini DAHDI haiioni: nimekosea wapi?

fundi_moro:

Wakuu, habari za kazi. Ninatunza mtambo wa simu wa zahanati moja hapa Morogoro yenye laini tatu za mezani, ambazo zinaingia kwenye Asterisk, programu inayoendesha mtambo huo, kupitia kadi ya Digium TDM400P yenye moduli tatu nyekundu (vibao vidogo vinavyochomekwa juu yake, kimoja kwa kila laini). Mtambo huo ulifanya kazi kwa miaka mingi, hadi diski ya kompyuta ilipokufa mwezi uliopita, nami sikuwa na nakala ya mafaili yake. Kadi nimeihamishia kwenye kompyuta nyingine yenye nafasi ya PCI, nikasakinisha Ubuntu 22.04, kisha nikapakua DAHDI 3.2.0, programu yenye draiva za kadi hizi, na kuikompaili (kuijenga kutoka kwenye msimbo wake). Kazi yote ilikwisha bila kosa lolote. Hata hivyo, nikiandika `modprobe wctdm` ili kuipakia draiva ya kadi, ninajibiwa kwamba moduli hiyo ya draiva haipo, na Asterisk haioni laini hata moja. Isitoshe, amri ya `lspci`, inayoorodhesha vifaa vya PCI, inaitaja kadi kwa jina la Tiger Jet badala ya Digium, jambo linalonitia shaka kwamba huenda kadi ni bandia. Watu wanaopiga usiku kuulizia daktari wa zamu hawapokelewi, kwa hiyo naomba msaada wa yeyote aliyewahi kupambana na hali hii.

laini_nne:

Mkuu, pole kwa usumbufu. Jina la Tiger Jet lisikutie hofu, kwa sababu ndilo jina la mtengenezaji wa chipu inayoiunganisha kadi na PCI, na hata kadi halisi za TDM400P huonekana hivyo. Tatizo ni kwamba chipu hiyo ilitumika pia kwenye kadi za ISDN (laini za simu za kidijitali), na kerneli (kiini) ya Linux ina draiva yake iitwayo netjet, ambayo huiwahi kadi yako wakati kompyuta inawaka na kuishikilia, hata draiva ya simu ikija baadaye ikakuta nafasi imekwisha kuchukuliwa. Andika `lspci -k` uangalie ni draiva ipi inayoitumia kadi. Ukiikuta netjet, ongeza mstari wa `blacklist netjet` kwenye faili lililomo ndani ya `/etc/modprobe.d/`, kisha uwashe kompyuta upya.

fundi_moro:

Ahsante sana. Ni kweli netjet ndiyo iliyokuwa imeishika, na sasa haipo tena, lakini `modprobe wctdm` bado inasema moduli haipatikani. Nimerudia kukompaili mara mbili.

mkongwe_wa_mikonga:

Ndugu yangu, hata ukikompaili mara kumi hutaipata, kwa sababu wctdm haimo kabisa katika toleo hilo. DAHDI ilipofika 3.0, draiva za kadi kongwe ziliondolewa, zikiwemo wctdm ya TDM400P, wcfxo ya X100P na wcte11xp ya TE110P. Iliyobaki na jina linalofanana ni wctdm24xxp, nayo ni ya TDM410, TDM800 na ndugu zake, wala haiwezi kuiendesha kadi yako. Ndiyo maana hukuona kosa lolote ulipokompaili.

Toleo la mwisho kabla ya hapo ni 2.11.1 la mwaka 2016, nalo haliwezi kukompailika kwenye kerneli 5.15 ya Ubuntu yako bila kurekebishwa. Mimi ningeisakinisha kadi kwenye Debian 8, yenye kerneli 3.16, huku nikihakikisha kwamba vichwa vya kerneli (kernel headers) nilivyosakinisha vinalingana herufi kwa herufi na jibu la `uname -r`. Vifurushi vya Debian hiyo sasa vinapatikana archive.debian.org. Lakini nakusihi usiiache mashine hiyo iguse intaneti, kwani marekebisho yake ya usalama yalikoma mwaka 2020. Ibaki na kazi moja tu ya kuzipokea laini za mezani na kuzipitisha kwa IAX2 (itifaki ya kuunganisha mitambo ya Asterisk), ndani ya mtandao wa zahanati, hadi kwenye Asterisk mpya iliyo kwenye mashine nyingine, na simu zote za ofisini zijiandikishe huko.

Angalizo jingine: ukikutana na mwongozo unaotaja `ztcfg` na `/etc/zaptel.conf`, jua kwamba ni wa kabla ya 2008, wakati programu hii ilipokuwa ikiitwa Zaptel. Jina lilibadilishwa kwa sababu ya alama ya biashara ya kampuni nyingine. Siku hizi ni `dahdi_cfg` na `/etc/dahdi/system.conf`.

fundi_moro:

Mzee, shikamoo. Nimefuata maelezo yako, nimeiweka netjet kwenye orodha ya kuzuiwa huko pia, na wctdm imeingia. Sasa `dahdi_cfg -vv` inakataa chaneli ya kwanza ikisema «Invalid argument». Kwa kuwa moduli zangu ni FXO, niliandika `fxoks=1-3`.

mkongwe_wa_mikonga:

Marahaba. Hapo ndipo wengi hujikwaa, nami nilipoteza siku nzima nilipoanza. Moduli nyekundu ni FXO kwa sababu inakaa mahali pa simu ya mezani: inapokea umeme na mlio kutoka kwa kampuni ya simu. Lakini ishara zinazoandikwa kwenye faili huitwa kwa jina la upande wa pili wa waya, yaani upande unaotoa umeme, ambao ni FXS. Kwa hiyo moduli nyekundu huandikiwa `fxsks`, na ile ya kijani, inayolisha simu ya ndani, huandikiwa `fxoks`. Ukitaka kuepuka kosa, iache `dahdi_genconf` iandike faili hilo yenyewe.

Kama uliisakinisha Asterisk kabla ya DAHDI, itakubidi kuikompaili upya, kwani `chan_dahdi` hujengwa pale tu inapozikuta DAHDI na maktaba yake ya tonezone zimekwisha kuwekwa. Ukimaliza, iache `dahdi_test` iende kwa dakika chache. Kadi hii huikatiza prosesa mara 1,000 kwa sekunde, na matokeo yakishuka chini ya asilimia 99.98 utasikia sauti zinazokatika, hivyo ihamishie nafasi nyingine ya PCI isiyogawana mkatizo (interrupt) na kifaa kingine.

fundi_moro:

Laini zote tatu zinapokea tangu jana jioni, na `dahdi_test` inatoa 99.99. Kilichonisumbua mwishoni ni laini ya pili, ambayo ilibaki imeshikwa hata baada ya mpigaji kukata simu, hadi nilipoweka `busydetect=yes` na `busycount=4` kwenye `chan_dahdi.conf`, ili Asterisk itambue mlio wa simu iliyokatwa. Muuguzi wa zamu alipokea simu ya kwanza saa tatu usiku. Safari hii nakala za mafaili yote ya mipangilio nimeziweka kwenye flashi, na nyingine iko kwenye kompyuta ya mhasibu.