Mjadala: Majarida ya Ufundi ya Marekani ya Miaka ya 1950 Yalifundisha au Yalihadaa?

Mkongojo (mwanzilishi wa mada)

Ndugu wachangiaji, wiki hii nimepitia nakala za zamani za Popular Mechanics, jarida la ufundi lililoanzishwa Chicago mwaka 1902 na Henry Haven Windsor, ambalo kaulimbiu yake ilimwahidi msomaji kwamba kila jambo limeandikwa kwa namna atakayoielewa. Jalada la Februari 1951 linamwonyesha mwanamume akiisukuma helikopta yake ndogo kuiingiza gereji kana kwamba ni baiskeli. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Februari 1950, Waldemar Kaempffert, mhariri wa sayansi wa New York Times, alieleza humo jinsi familia ya kubuni ya akina Dobson itakavyoishi ifikapo mwaka 2000. Swali langu ni moja, nami naomba tusilihame: je, majarida haya yaliwafundisha wasomaji kuufikiria wakati ujao, au yaliwauzia mbuzi kwenye gunia?

Msomi wa Usiku

Yaliwauzia mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe alikuwa wa plastiki. Kaempffert huyo alidai kwamba Bi Jane Dobson ataosha nyumba nzima kwa mpira wa maji, kwa kuwa makochi na mapazia yatakuwa ya vitu visivyoharibiwa na maji, kisha maji yatateremka kwenye tundu lililo katikati ya sakafu, na upepo wa moto utakausha kila kitu. Akaongeza kwamba nguo za ndani za rayoni zilizochakaa zitanunuliwa na viwanda vya kemikali na kugeuzwa peremende. Mtu mzima anaandika hayo na analipwa! Nami sijalitaja lile gari la Ford, Nucleon, lililokuwa likitembea barabarani kwa nguvu za nyuklia.

Fundi wa Chumbageni

Ndugu Msomi, kabla ya kucheka tukijue tunachokicheka. Nucleon haikutembea barabarani wala uani. Mwaka 1958 Ford walitengeneza mfano tu, usiofika hata nusu ya ukubwa wa gari la kweli, wakitarajia kwamba siku moja kitapatikana kinu cha nyuklia kidogo kiasi cha kukaa nyuma ya kiti. Kinu hicho hakikupatikana, na gari likabaki mfano.

Kwa upande wa vyombo vya kuruka, msiseme vilikuwa hadithi za kulalia. Gari la Molt Taylor, Aerocar, liliruka kweli mwaka 1949, na mwaka 1956 lilipata kibali cha serikali ya Marekani, ingawa yalitengenezwa sita tu. Mkoba wa roketi wa kampuni ya Bell ulimbeba Harold Graham angani tarehe 20 Aprili 1961 kwa sekunde 13, na hata ulipozoeleka haukuweza kupita sekunde 21 hivi kabla ya mafuta yake, hidrojeni peroksaidi, kumalizika. Jarida lilipochapisha picha ya mtu aliye angani, mtu huyo alikuwa angani. Kilichofichwa ni kwamba alikuwa karibu kushuka.

Bi Kizingiti

Hayo ya roketi nawaachia wenyewe, mimi nimekwama kwenye mpira wa maji. Aliyeandika hayo ni dhahiri kwamba hakuwahi kushika ufagio, kwa sababu yeyote aliyewahi kusafisha nyumba anajua kwamba kazi si kuyaleta maji, kazi ni kuyaondoa. Hakuna mwanamke duniani ambaye angebuni upuuzi huo.

Nahodha Mstaafu

Bi Kizingiti, kwa heshima zote, hapo sikubaliani nawe. Nimekaa baharini miaka thelathini na moja, na kila asubuhi sitaha ilioshwa kwa mpira wa maji kutoka omo hadi tezi, na kabla ya chai ilikuwa imekauka. Hata huko kwenu barazani, mnaposema mnapiga deki, neno mnalolitumia ni la melini, kwa maana deki ni hiyo hiyo sitaha. Nyumba ya Kaempffert ni meli iliyowekwa nchi kavu: vitu vimefungwa visisogee, sakafu ina mwinamo, na maji yana pa kutokea. Sioni upuuzi, naona mtu aliyesafiri.

Bi Kizingiti

Nahodha, asante kwa somo la deki, ambalo bibi yangu hakulihitaji ili apige deki. Nina maswali mawili. Kwanza, je, mpira huo uliwahi kuingizwa katika chumba chako cha kulala, ukamwagia maji godoro, vitabu na saa ya ukutani? Pili, ni nani aliyeushika? Nina hakika hukuwa wewe. Ndivyo alivyo Kaempffert pia: ni nahodha anayesimama juu, akieleza jinsi deki inavyopigwa chini.

Nahodha Mstaafu

Sikuzaliwa nahodha. Nilianza nikiwa na miaka kumi na tisa, nikipiga deki pekupeku alfajiri, mikono imechubuka kwa chumvi, na sipendi kuambiwa na mtu asiyenijua kwamba sijui kazi. Kuhusu chumba cha kulala, ni kweli kwamba hatukukipiga maji.

Mkongojo

Naomba turejee kwenye mada. Swali lilikuwa kuhusu majarida, halikuwa kuhusu vyumba vya manahodha.

Msomi wa Usiku

Turejee, basi. Nani hapa haikumbuki ile sentensi maarufu ya toleo la Machi 1949, kwamba kompyuta haziwezi kamwe kupungua uzito chini ya tani moja na nusu? Miaka hamsini baadaye watu walizibeba mkobani. Ndiyo maana nayaita majarida ya watoto: picha za rangi kwenye jalada, na ndani hamna kitu ambacho mtu mwenye akili zake angekihitaji.

Fundi wa Chumbageni

Majarida ya watoto? Baba yangu alikuwa fundi redio, na rafu moja ya kibanda chake ilijaa nakala kuukuu za jarida hilo hilo, zilizonunuliwa kwa mafungu kutoka kwa mabaharia, nyingi zikiwa hazina hata majalada. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kwa michoro iliyokuwa humo alijifunza kutengeneza meza ya kazi yenye jiliwa, kunoa msumeno, kulehemu nyaya bila kuziunguza, na kuunda kipaza sauti ndani ya kasha la mbao. Nyote hapa mnazungumzia jalada na makala mbili tatu za ndoto, ilhali sehemu kubwa ya kila toleo ilikuwa maelekezo ya karakana, hatua kwa hatua, pamoja na vipimo. Helikopta ya jalada ilikuwa ya kumvuta mnunuzi, na meza ndiyo iliyokuwa bidhaa. Baba yangu hakuwahi kuingoja helikopta, lakini meza aliitengeneza, nami ninaandika juu yake sasa hivi. Kama huo ni utoto, niacheni nao.

Na sentensi unayoidai haisemi hivyo. Inasema kwamba ENIAC, kompyuta ya wakati huo, ina taa za utupu 18,000, zile taa za vioo tulizoziona ndani ya redio za zamani, na uzito wa tani 30, na kwamba kompyuta za baadaye huenda zikawa na taa 1,000 tu na uzito wa tani moja na nusu. Imesema "huenda", haikusema "kamwe". Kutoka tani 30 hadi tani moja na nusu ni ubashiri wa kijasiri. Walichokosa ni kuitilia maanani transista, iliyoonyeshwa katika maabara za Bell mwezi Desemba 1947, ambayo iliziondoa taa zenyewe.

Msomi wa Usiku

Sikukusudia kumgusa marehemu baba yako.

Fundi wa Chumbageni

Si marehemu. Ana miaka themanini na nane, naye amesomewa ulichoandika.

Kalamu ya Mwanzi

Ningependa kumtetea Kaempffert kidogo, kwa kuwa anahukumiwa kwa mpira wa maji peke yake. Katika makala hiyo hiyo Bi Dobson ananunua vitu kwa kuvitazama kwenye televisheni, chakula kinauzwa kikiwa kimegandishwa, na jiko la kielektroniki linakipasha kwa muda mfupi sana. Hayo yote tunayo. Hata hivyo, jiko la mawimbi lilikwisha kutengenezwa na kampuni ya Raytheon tangu mwaka 1947, likiwa na kimo cha mtu na uzito wa zaidi ya kilo 300, kwa hiyo hapo Kaempffert alikuwa akikitazama kiwanda cha jirani kuliko kuutazama wakati ujao.

Kosa lake kubwa nadhani liko kwingine. Alibadilisha sahani, jiko, wembe na sakafu, lakini hakubadilisha mtu aliyekuwa nyumbani akivishughulikia. Aliweza kufikiri kwamba vimbunga vya baharini vitakengeushwa kwa kumwaga mafuta juu ya maji na kuyawasha moto, lakini hakuweza kufikiri kwamba mwaka 2000 Jane atakuwa na ofisi yake mjini na mumewe Joe ndiye atakayeulizwa kwa nini sakafu ni chafu.

Bi Kizingiti

Kalamu umesema nilichotaka kusema tangu mwanzo, ila umekisema kwa upole ambao mimi sikujaliwa. Nashikilia neno langu kwamba wazo la mpira wa maji lisingetoka kwa mwanamke.

Msomi wa Usiku

Hapo umekosea, Bi Kizingiti, na safari hii nimesoma kabla ya kuandika. Huko Newberg, katika jimbo la Oregon, aliishi Frances Gabe, mwanamke aliyebuni nyumba inayojiosha na kuijenga, akapewa hataza yake mwaka 1984. Darini aliweka vinyunyizio vya maji na sabuni, sakafu akazipa mwinamo ili maji yatiririke yenyewe, na upepo wa moto ukakausha. Vyombo vilioshwa vikiwa kabatini, na nguo vilevile zikiwa zimetundikwa. Fanicha alizipaka vanishi nyingi na karatasi akazihifadhi ndani ya plastiki. Aliishi humo kwa miongo mingi, akafariki mwaka 2016 akiwa na umri wa miaka 101. Niambie sasa kwamba naye hakuwahi kushika ufagio.

Nahodha Mstaafu

Mwinamo! Nilisema nini mimi?

Bi Kizingiti

Nimesoma mara mbili, na nakiri kwamba neno "hakuna mwanamke duniani" lilinitoka kwa haraka, kwa hiyo nalirudisha. Hata hivyo, Msomi, soma tena ulichokiandika mwenyewe. Katika nyumba ya Kaempffert, Jane amesimama sebuleni na viatu vya mpira, mpira wa maji mkononi, akiosha. Katika nyumba ya Bi Gabe, Jane anabonyeza kitufe na kutoka nje. Yule bwana alimpa mwanamke kifaa kipya cha kazi ile ile, na huyu bibi aliitoa kazi yenyewe mikononi mwake. Aliyewahi kushika ufagio huwaza kuuacha, na asiyewahi kuushika huwaza kuurembesha. Kwa hiyo kuhusu yeye nimekosea, lakini kuhusu Kaempffert sijarudi nyuma hata hatua moja.

Kalamu ya Mwanzi

Lakini majirani hawakuijenga nyumba ya Bi Gabe, kama ambavyo hawakuijenga ile nyumba ya plastiki ya kampuni ya Monsanto, iliyosimama Disneyland tangu 1957 hadi 1967. Ya Monsanto ilipobomolewa, lile tufe zito la chuma la kubomolea lilidunda ukutani na kurudi, na kazi iliyodhaniwa kuwa ya siku moja ikachukua wiki mbili. Watu walipanga foleni kuitazama, kisha wakarudi kwenye nyumba zao za mbao. Labda wasomaji walijua tofauti ya kitu cha kutazama na kitu cha kukaa ndani yake, na hawakuhitaji sisi tuwaonee huruma kwamba walihadaiwa.

Mkongojo

Ndugu Kalamu, wewe ndiye wa kwanza kulijibu swali langu, na nimelingoja jibu hilo tangu asubuhi. Je, wengine mnakubaliana naye?

Nahodha Mstaafu

Kabla ya hilo, naomba Ndugu Msomi anieleze maji ya nyumba ya huyo bibi yaliishia wapi. Melini yanarudi baharini, lakini nchi kavu yenye sabuni yote hiyo sielewi.

Msomi wa Usiku

Yalitoka nje kupitia kibanda cha mbwa, na mbwa akaoshwa humo humo.

Bi Kizingiti

Mbwa naye aliulizwa?