Tuwafundisheje wakutubi wote kutumia mitandao ya kijamii kazini?

Mkutubi wa Rejea ameuliza:

Ndugu zangu wakutubi, nawasalimu nyote.

Nimekabidhiwa kazi ya kuwaandaa wenzangu maktabani watumie mitandao ya kijamii kazini. Tuna ukurasa wa Facebook, tuna namba ya WhatsApp ya kujibu maswali ya wasomaji, na uongozi unataka blogu ya vitabu vipya. Agizo linasema "watumishi wote", yaani kuanzia anayerudisha vitabu rafuni hadi mkuu wa katalogi, yaani orodha ya vitabu vyote vya maktaba. Nakubaliana nalo kabisa. Wasomaji siku hizi huulizia huko huko waliko, na mtu anayetafuta kitabu saa tatu usiku hawezi kusubiri hadi tufungue mlango asubuhi.

Kinachonisumbua ni namna ya kufundisha. Tulifanyiwa semina ya siku moja ukumbini. Mkufunzi alikuwa mzuri, alionyesha kila kitufe, watu wakajaza madaftari. Baada ya hapo hakuna aliyegusa kitu. Kazi yote imebaki kwa kijana mmoja wa kitengo cha kompyuta, kwa sababu tu ni kijana. Akienda likizo, ukurasa unalala na maswali ya wasomaji yanarundikana bila jibu. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu yule kijana hajui kujibu maswali ya rejea, yaani ya wasomaji wanaotafuta habari au kitabu, na wanaojua kuyajibu hawafungui ukurasa.

Dada mmoja wa katalogi, mwenye uzoefu kutuzidi sote, aliniambia hivi: "Mimi rekodi yangu haionekani na mtu mpaka nimeihakiki nukta na mkato. Leo unataka niandike mbele ya umma papo hapo?" Siwezi kumwita mvivu wala mshamba. Anatetea kitu kile kile kilichonifanya niipende kazi hii.

Je, kuna maktaba iliyowahi kufundisha watu wake wote kwa pamoja ikafaulu? Mafunzo yawe ndani ya saa za kazi au nje? Na huyu dada nimwambie nini?

Mkufunzi wa Wakutubi amejibu:

Ndugu Rejea, ipo, na dawa yenyewe ilitungwa maktabani, haikuletwa na kampuni yoyote.

Mwaka 2006 Helene Blowers, aliyesimamia teknolojia katika maktaba ya umma ya Charlotte na Kaunti ya Mecklenburg huko North Carolina, Marekani, alitunga mpango uliokuja kujulikana kama Mambo 23. Wazo alilipata kwa mkutubi Stephen Abram, aliyekuwa ameandika orodha ya mambo 43 ambayo mtu wa maktaba angeweza kujaribu katika mwaka. Blowers akaipunguza, akaipanga kwa wiki tisa, akawapa watumishi wote. Hapakuwa na darasa. Kila wiki mtu alisoma maelezo mafupi, akajaribu mwenyewe, kisha akaandika alichokiona: kufungua blogu, kuweka picha Flickr (tovuti ya kuhifadhi na kuonyesha picha), kufuata milisho ya habari (habari mpya za tovuti nyingi zikikufikia mahali pamoja), kuweka lebo, yaani maneno ya kupangia, kwenye viungo, kupanga vitabu vyake LibraryThing, kuhariri wiki (kurasa zinazoandikwa na watu wengi pamoja), kutafuta podikasti. Aliyemaliza yote alizawadiwa kicheza muziki cha MP3. Mpango ukatolewa kwa leseni ya Creative Commons, inayowaruhusu wengine kuutumia, na maktaba za nchi nyingi zikauchukua na kuubadilisha. Yarra Plenty ya Australia ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kabisa.

Wengi wanaousimulia mpango huu hukazania ile zawadi. Mimi nimeongoza wakutubi katika mafunzo ya mtindo huu, na nasema kwa uhakika kwamba nguvu yake iko kwenye blogu. Jambo la tatu tu kwenye orodha, na tayari kila mtu ana mahali pake pa kuandika, wenzake wanasoma na kumjibu. Mtu wa kuazimisha anagundua kwamba mtu wa magazeti naye alikwama pale pale. Mhasibu anamweleza mkutubi mkuu jinsi ya kubadilisha nywila. Semina yenu haikuwa na kitu hicho: mmoja aliongea, wengine wakaandika, kila mtu akarudi mezani kwake na hofu yake ileile.

Sasa itazame orodha ile ya 2006 na ujiulize vingapi vimebaki. Google Reader, ambayo wakutubi wengi waliitumia kufuatia milisho, ilifungwa Julai 2013. Delicious, iliyofundisha dunia kuweka lebo kwenye viungo, ilinunuliwa na mshindani wake mwaka 2017 na haikupokea tena viungo vipya. Ndiyo maana nakusihi usifundishe vitufe. Vitufe vitahama. Fundisha watu kuuliza kabla hawajajisajili popote: ninachoandika hapa kinaonekana na nani? Nikikosea, nitakifutaje? Maktaba ikitaka kuondoka, picha zetu tutazitoaje? Mbali na mimi, ni nani mwingine mwenye ufunguo? Aliyezoea kuuliza haya kwenye Delicious anayauliza leo kwenye WhatsApp bila kufundishwa upya.

Kuhusu saa: ndani ya kazi, na iandikwe kwenye ratiba ya zamu kama inavyoandikwa zamu ya kaunta, jina na saa. Usikubali maneno ya "kila mtu atafute muda". Muda wa kutafutwa maktabani haupatikani, foleni ya wanaorudisha vitabu huula wote. Ukiwaambia wafanye nyumbani, umewaomba watumie simu zao na vifurushi vyao kwa kazi ya mwajiri, na wenye watoto wadogo watakuwa wa kwanza kuachwa nyuma.

Nikiwa mahali pako, mwanzoni ningekataza kabisa kuchapisha. Watu wafuate kurasa za maktaba nyingine na kukusanya maswali ambayo wasomaji wanauliza chini ya machapisho. Hapo mkutubi anaona kwamba "vitabu hivi vya sayansi mmevihamishia wapi?" ni swali la rejea kama lile analolijibu kila siku, limepitia mlango mwingine tu. Baada ya hapo kila mtu aonyeshe kazi anayoijua yeye peke yake. Anayepanga rafu anajua ni vitabu gani vinarudi vimechakaa kwa kusomwa, na hiyo ni habari ambayo hata katalogi haina. Fundi wa jalada apige picha kitabu kilichokatika mgongo, kabla na baada ya gundi. Wa sehemu ya watoto aandike ni hadithi gani watoto waliomba irudiwe. Chapisho la namna hiyo haliwezi kuandikwa na kijana wa kompyuta hata awe hodari vipi.

Msimamizi wa Katalogi amejibu:

Naomba nimjibu huyo dada, maana ni mwenzangu kabisa.

Dada, Januari 2008 Maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zaidi ya 3,000 kwenye Flickr, kukawa ndiyo mwanzo wa mradi wa Flickr Commons. Karibu nusu zilikuwa picha za shirika la habari la Bain za mwanzoni mwa karne ya 20, zenye maelezo ya kudonoa tu: jina la ukoo, pengine mji, basi. Umma ukaalikwa kuandika lebo na maoni. Watu wakayatambua majengo na meli, wakakamilisha majina, wakaleta na magazeti ya wakati ule kuthibitisha. Taarifa ya mradi iliyotolewa mwaka huo huo ilieleza kwamba rekodi zaidi ya 500 za katalogi ya picha zilikuwa zimeboreshwa kwa habari zilizotoka kwa watu hao.

Tazama kazi ilivyogawanywa. Umma ulipendekeza, watumishi wa maktaba wakahakiki, ndipo rekodi ikabadilishwa. Maoni yalibaki Flickr, katalogi ikapokea kilichothibitishwa. Kwa hiyo usahihi wako haukuachwa nje ya mlango. Bila mtu kama wewe, yale maoni yote yangebaki gumzo.

Kuna na kazi nyingine inayokufaa kuanzia, nami ningeiweka mwanzoni kwa watu wote wa katalogi. Kila mwaka tangu Januari 2016 kuna kampeni ya #1Lib1Ref, iliyoanzishwa wakati Wikipedia inatimiza miaka 15. Kila mkutubi anaombwa aongeze rejeo moja kwenye makala isiyo na chanzo. Unachagua sentensi, unatafuta kitabu kinachoithibitisha, unaandika mwandishi, mwaka na ukurasa. Hiyo ni kazi yetu ya kila siku! Tena wiki huhifadhi kila toleo lililotangulia, ukikosea nukta unarudi ulipokuwa. Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi zinazosubiri rejeo kama hilo, na sisi tumekaa juu ya vitabu vyenyewe.

Na hakuna sheria inayosema chapisho liandikwe papo hapo. Andika rasimu, mpe mwenzako aisome, kisha itoke.

Kaunta ya Kuazimisha amejibu:

Yote mazuri, ila naomba faragha isiachwe hadi mwisho wa mafunzo. Iwe somo la wiki ya kwanza.

Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp kila mwanachama anaziona namba za wenzake. Ukiwaingiza wasomaji wako wote kwenye kundi moja, umegawa namba zao kwa watu wasiowajua, na umetangaza kwamba ni wanachama wa maktaba. Kwa matangazo ya vitabu vipya na saa za kufungua, bora chaneli ya WhatsApp. Zilianza mwaka 2023, na wafuasi hawaonani namba. Kwa maswali ya mtu mmoja mmoja, tumieni WhatsApp Business kwenye simu ya maktaba, iwe na namba ya maktaba. Ina majibu ya haraka ya kuhifadhi, lebo za kutenga maswali, na ujumbe wa kujituma wenyewe mkiwa mmefunga. Simu inakaa kaunta, inashikwa na aliye zamu, haitoki na mtu kwenda likizo.

Ukurasa wa Facebook nao hauhitaji watu kugawana nywila. Kila mtumishi anapewa ruhusa kwa akaunti yake, na akihama kituo anaondolewa peke yake bila kuvuruga wengine. Wawepo angalau wawili wenye mamlaka kamili.

Kuna jambo moja nalishikilia kwa nguvu zote: alichoazima msomaji ni siri yake. Mtu akiuliza kwenye maoni, mbele ya watu, "kitabu changu cha ugonjwa wa sukari nilitakiwa kukirudisha lini?", usimjibu pale pale hata kama ameuliza mwenyewe. Mwambie umemwandikia faraghani, kisha mwandikie. Hata huko faraghani, hakikisha kwanza unaongea na mwenye kadi. Mazoezi ya kujibu swali kama hilo yafanywe na kila mtumishi, kwa kuandika, kabla hajapewa ruhusa ya ukurasa. Na picha za watoto kwenye saa ya hadithi hazipandi bila idhini ya mzazi. Piga picha ya vitabu walivyochagua, inatosha na inavutia.

Mkutubi wa Rejea ameandika:

Wenzangu, nimesoma kila neno na nimemsomea dada wa katalogi jibu lake. Ameniomba kiungo cha kampeni ya rejeo kabla sijamaliza sentensi.

Nimeamua hivi. Tutafanya orodha yetu wenyewe, fupi kuliko ile ya 23, na kila jambo litahusu kaunta au rafu halisi ya mtu. Saa itaandikwa kwenye ratiba. Kundi la wasomaji tulilokuwa nalo WhatsApp nitapendekeza lifungwe na wajulishwe chaneli. Kijana wa kompyuta atakuwa wa kuitwa mtu akikwama, wala si wa kujibu kwa niaba ya wote.

Limebaki moja tu. Mkuu wetu wa maktaba anaunga mkono, ila amesema yeye atapokea ripoti kila mwezi. Hiyo inatosha?

Mkufunzi wa Wakutubi amejibu:

Haitoshi, ndugu yangu. Mwombe kwa heshima aingie kwenye orodha kama wengine, afungue blogu yake na aandike alipokwama. Watumishi wakiona mkuu anauliza jinsi ya kufuta picha, nao watauliza. Ripoti itamwambia wangapi wamemaliza. Kwenye blogu za watu wake ataona nani anajua nini, na nyingi ya habari hizo hazijawahi kufika ofisini kwake. Mpelekee ratiba ikiwa na jina lake tayari kwenye saa ya kwanza.